Tanga wanataka Mwanahamisi, Uturuki wanataka Hatice, naye atazaliwa Hamburg

SWALI

"Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Hamburg. Mume wangu amezaliwa hapahapa, wazazi wake walitoka Uturuki. Nina ujauzito wa miezi saba, mtoto wa kike. Mama yangu anataka aitwe Mwanahamisi, jina la marehemu bibi yangu aliyenilea. Mama mkwe anataka Hatice, jina la mama yake yeye. Mume wangu anasema amechoka kusahihisha jina lake tangu shuleni mpaka kazini, anataka jina ambalo Mjerumani atalisoma mara moja bila kuuliza. Kila ninalotaja, yuko mmoja ananuna. Nifanyeje?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Mungu akujaalie ujifungue salama, mama na mtoto.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za watu, Kiswahili kwa Kijerumani na Kijerumani kwa Kiswahili: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, hukumu za mirathi. Kwa zaidi ya miaka 20 majina ya watu wa kwetu yamepita mezani kwangu, na nimeona yanavyovunjika njiani. Nimekutana na mtu mmoja mwenye Ramadhani katika cheti cha kuzaliwa, Ramadhan katika pasipoti na Ramazani katika cheti cha ndoa, akahangaika miezi kuthibitisha kwamba wote watatu ni yeye. Tena mimi ni mzaliwa wa Pangani, na watoto wangu wawili nimewalea huku Ujerumani. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nitakutajia jina ambalo mimi ningelichagua. Uamuzi utabaki wenu.

Unaandika kana kwamba kuna pande tatu zinamvuta mtoto. Mimi naona pande mbili kati ya hizo ni nyumba moja yenye milango miwili. Waswahili na Waturuki tumechota majina katika kisima kimoja, Kiarabu cha dini, kila mmoja akayatia katika chombo chake. Kwetu kuna Juma, kwao kuna Cuma, na herufi C ya Kituruki hutamkwa kama J yetu. Ukimsikia Mturuki anamwita mwanawe Cuma barabarani utageuka ukidhani ni mtu wa Ngamiani, kwetu Tanga. Rajabu kwao ni Recep, Shabani ni Şaban, Ramadhani ni Ramazan. Zainabu ni Zeynep, Aisha ni Ayşe, Mariamu ni Meryem, Halima ni Halime. Hata yale tunayoyaona ya Kiswahili kabisa, Neema, Saada, Hidaya, wao wanayo: Nimet, Saadet, Hidayet. Na kama kwetu mtoto aliyezaliwa wakati wa dhiki huitwa Mashaka au Taabu, wao wana Dursun, yaani "akae", na Yaşar, "anaishi", majina waliyopewa watoto ambao wazazi waliogopa wasije wakaondoka kama waliowatangulia. Huo ni moyo uleule wa mzazi.

Sasa hilo Hatice linalomkera mama yako. Hatice ni Khadija. Ni huyuhuyu Hadija wetu, na Mturuki hulitamka karibu na "Hatije". Mpigie mama leo umwambie hivi: mkweo wa Hamburg anaomba mtoto aitwe Hadija. Msikilize atakavyojibu. Nina hakika sauti itabadilika, maana mzee anaposikia neno geni anadhani mjukuu anachukuliwa, na anaposikia Hadija anakumbuka jirani, shangazi, mwalimu wake wa madrasa. Ugomvi mwingi wa majina niliousikia mezani kwangu ulianza kwa sababu hakuna aliyewafasiria wazee.

Usifurahi haraka, lakini, kwa sababu yuko mtu wa tatu, naye ni Mjerumani aliyeshika orodha ya majina.

Binti yangu wa kwanza tulimwita Zuhura. Sikufikiria sauti hata kidogo, nilifikiria nyota. Siku ya kwanza chekechea mwalimu akasoma orodha, akafika kwake, akasema "Tsuhura", kwa kuwa Z ya Kijerumani hutamkwa ts, kama kiberiti kinapowashwa. Nikamsahihisha kwa upole. Kesho yake ikawa vilevile. Miezi michache baadaye nilikwenda kumchukua, nikamkuta uwanjani anajitambulisha kwa mtoto mgeni, ana miaka minne: "Mimi ni Tsuhura." Nikasimama pale na kibegi chake mkononi, nikahisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akahamisha kitanda bila kuniuliza. Leo ni mtu mzima, ana majina mawili kwa herufi zilezile, na ananiambia yeye hajali. Mimi bado najali.

Ndiyo maana nakuambia, kabla ya kuuliza jina lina maana gani, pima herufi zake. Kijerumani kina herufi nne zinazotutesa. Z nimeshaitaja: Zawadi, Zuhura, Zainabu, wote wanaanza na ts. S ikiwa mwanzoni na irabu mbele yake husomwa kama z yetu, hivyo Salma ataitwa "Zalma", Subira "Zubira". W husomwa v, Zawadi akageuka "Tsavadi". Na J husomwa y. Hapo ndipo Hadija wetu anapotumbukia: Mjerumani atasoma "Hadiya". Sasa sikiliza kinachotokea. Mama mkwe wako akisikia mtoto anaitwa "Hadiya" atasikia Hediye, ambalo kwao ni jina kamili, maana yake zawadi. Si jina baya, ila si la mama yake! Na mkiandika Hatice kwa Kituruki, mwalimu wa Kijerumani atasoma "Hatise" au "Hatitse", jambo ambalo mume wako analijua kuliko mimi. Wajerumani wenyewe wakitaka Khadija atamkwe sawasawa huandika Chadidscha, herufi kumi ambazo mama yako Tanga hatazitambua hata akivaa miwani.

Kwa hiyo Hadija ni jina zuri kwa bibi wawili, na kwa jina la kuitwa kila siku darasani Hamburg ni gumu. Liweke kando kidogo, tutalirudia.

Sasa Mwanahamisi. Hapa nataka tukae, kwa sababu nimehisi uzito wa moyo wako kwenye mstari ule wa "bibi yangu aliyenilea".

Unajua mwenyewe kwamba kwetu pwani mtoto akipewa jina la mtu anakuwa wajina wake. Mama yako akimbeba mtoto aliyeitwa Mwanahamisi atamwita "mama". Atamtania kama mama, ataona haya kumfokea kwa jina hilo, na mtoto akilia usiku atasema mama kaja kudai chake. Mama yako anaomba mtu, na neno Mwanahamisi ndilo linalombeba mtu huyo. Sasa jiulize: ili mtoto awe wajina, lazima jina hilo liwe la kwanza kwenye cheti? Hata Tanga haiko hivyo. Wangapi tunawajua ambao shuleni ni Rukia na nyumbani ni Bimkubwa, na hakuna aliyewahi kusema Bimkubwa si jina lake?

Kama jina la kwanza, Mwanahamisi litampa taabu Hamburg. Mjerumani akikutana na "Mw" mwanzoni hukwama, kisha husema "Em-vana". Upande wa Uturuki kuna jambo jingine: alfabeti yao ya mwaka 1928 ina herufi 29, na W haimo, wala Q wala X. Jina lenye W huleta maswali mtakapotaka kumwandikisha kwenye ubalozi mdogo wao. Sikuambii uliache. Nakuambia liwe la pili, bila kukatwa, na liandikwe lote. Wengine hulifupisha wakidhani wanamsaidia mtoto, wakaandika "Hami" au "Mwana". Usifanye hivyo. Jina la marehemu halikatwi nusu ili liingie kwenye kisanduku cha fomu.

Sheria ya Ujerumani inakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Majina ya mtoto yote yana hadhi moja, la pili si dogo kwa la kwanza. Mnaweza kuwa nayo mpaka matano: wako wazazi waliotaka kumpa mtoto wao majina 12, wakaruhusiwa matano, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikauacha uamuzi huo usimame. Na tangu Novemba 2018 mtu anaweza kwenda Standesamt, ofisi ya usajili, akatoa tamko la kubadilisha mpangilio wa majina yake, la pili likawa la kwanza. Hatakiwi kueleza sababu nzito wala kwenda mahakamani. Maana yake, binti yako akikua, akaenda Tanga, akaona kaburi la bibi yake mkuu na kupenda kuitwa Mwanahamisi, anaweza kulileta mbele. Kuna sharti moja tu la kukumbuka sasa hivi: msiunganishe majina kwa kistari. Yakishaunganishwa yanahesabiwa kuwa jina moja, hayatenganishwi wala kupangwa upya. Na tahajia haibadilishwi kwa njia hiyo, kwa hiyo kila herufi mtakayoandika siku ile ndiyo atakayoishi nayo. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkapeleke karatasi. Msitamke tu mbele ya ofisa mkategemea sikio lake.

Ofisa akisema hajawahi kuliona jina Mwanahamisi na akataka uthibitisho kwamba ni jina, msikasirike. Ana haki ya kuuliza, nanyi mna njia. Mpelekeeni cheti au kitambulisho cha bibi kilichofasiriwa rasmi. Ipo pia taasisi ya lugha ya Kijerumani kule Wiesbaden, Gesellschaft für deutsche Sprache, ambayo hutoa barua kwa malipo kuthibitisha kwamba neno fulani ni jina la mtu. Na wakikuambia jina la Kiswahili halionyeshi kama mtoto ni wa kike au wa kiume, kesi hiyo ilikwisha zamani: mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ya katiba ilisikiliza habari ya msichana aliyepewa jina la Kihindi Kiran, ofisi ikishikilia aongezewe jina la kike. Mahakama ikasema sheria haidai hivyo.

Nimefika kwa mume wako. Nakuomba umsikilize kwa makini, maana kati yenu wote ni yeye peke yake aliyewahi kuwa mtoto mwenye jina geni katika darasa la Kijerumani. Wewe ulikuja mtu mzima, jina lako limeshaota mizizi. Anachokiogopa amekipitia.

Ila kuna mahali simkubalii. Wapo baba wanaofika mwisho wakasema basi aitwe Mia au Lea, yaishe. Mtoto wenu atakuwa na sura yako na ya baba yake. Ataulizwa "unatoka wapi hasa?" hata akiitwa Mia, na hapo hatakuwa na jina la kumsaidia kujibu. Halafu mkimpeleka Tanga, Mia ni pesa isiyofika elfu, Lea ni kazi aliyoifanya bibi yako kwako, na Pia, jina zuri tu kwa Wajerumani, kila akiitwa mtu atangoja sentensi iendelee. Mwanamke mmoja wa Kijerumani, mtu mwema mno, jina lake Ute, alifuatana nasi Pangani likizo moja, na nilitumia siku nzima kuwaomba watoto wa kaka yangu wasiseme walichokuwa wanataka kusema kuhusu yai.

Mitego hiyo ipo pande zote, na hakuna kamusi itakayokuonyesha yote. Nur kwa Kituruki ni jina la heshima, na kwetu Nuru vilevile, lakini nur kwa Kijerumani ni "tu", kama unaposema "huyu tu". Kuongeza u ya mwisho kunaokoa maana hiyo. Ila ukiandika Nuru kwenye intaneti huku Ulaya, kabla ya mwanga utaletewa matangazo ya ukandaji wa mwili wa watu wazima unaoitwa hivyo kwa neno la Kijapani. Binti wa miaka 12 atajitafuta mwenyewe, usidhani hatafanya. Amani, jina ninalolipenda, Mturuki atalisikia "aman", neno analolitoa mtu aliyeumia au aliyechoka, "aman, aman!", kama sisi tunavyosema "jamani!" Pili kwao ni neno la betri. Haya si makosa makubwa, na mtoto hafi kwa kutaniwa, lakini ni bora uyajue ukiwa bado unachagua.

Usije ukafikiri basi hakuna jina la Kiswahili linaloweza kusimama Ujerumani. Yupo Malaika Mihambo, mruka mbali, mzaliwa wa Heidelberg mwaka 1994, mama yake Mjerumani na baba yake mtu wa Zanzibar. Alichukua ubingwa wa dunia Doha mwaka 2019, dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, na ubingwa wa dunia tena mwaka 2022. Siku zile za Tokyo watangazaji wa Kijerumani walilitamka Malaika bila kujikwaa, wakikaza "lai" pale sisi tunapokaza "i", na hakuna aliyepungukiwa. Kituruki nacho kina Melek, mzizi huohuo, jina la wanawake wengi. Kwa hiyo Malaika liwekeni kwenye karatasi yenu. Sisi tunaita malaika hata yale manyoya laini ya mwili wa mtoto mchanga, na sijui kama kuna neno zuri zaidi la kumpokelea.

Lipo pia ua. Asumini kwetu, Yasemin kwa Waturuki, Jasmin au Yasmin kwa Wajerumani, wote wakilijua, wote wakilitamka karibu sawa. Mkilichagua, andikeni Yasmin kwa Y. Wajerumani wataisoma vilevile, na mama yako hataisoma "Jasmini".

Na lipo Leila. Waturuki huandika Leyla, Wajerumani wamelizoea, nasi tunalo. Mzizi wake ni usiku, kwa hiyo Leila ni ndugu wa Chausiku. Mtoto akija usiku nitalipigia debe.

Lakini ninalolichagua mimi, kwa hali yenu jinsi ulivyoieleza, ni Amina. Litazame. Halina Z, S, J wala W. Kila silabi inasomwa kama ilivyoandikwa kwa Kiswahili, kwa Kijerumani na kwa Kituruki, na mume wako hatasahihisha mtu. Waturuki wana Emine, na mama yake Mtume wao humwita Âmine, kwa hiyo babaanne, kama Waturuki wanavyomwita mama wa baba, hataona kwamba amepewa jina la kigeni. Atapenda kulivuta kidogo liwe Emine anapombembeleza, mwache alivute. Mama yako atalivuta upande wake, "Mina", "Bi Amina". Wajerumani nao wamekaa na akina Emine tangu mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961 ulipowaleta Waturuki, wala halitawashtua. Katika cheti libaki Amina, umbo moja, herufi tano, lisiguswe tena.

Nyuma yake yafuate majina ya wale wanawake wawili: Amina Hatice Mwanahamisi. Sasa unaona kwa nini niliweka Hatice kando. Kama jina la kuitwa darasani lingeumizwa kila siku, lakini hapa katikati linakaa kwa tahajia yake ya Kituruki, kama lilivyoandikwa la mama yake mkweo, na kila atakayefungua pasipoti atalikuta. Mwanahamisi nalo limefunga safari yote, mwishoni, likisikika vizuri kwa sauti. Mnaweza kugeuza, Mwanahamisi likatangulia. Someni yote mawili kwa sauti mchague linaloteremka vizuri. Waambieni wazee wote wawili kwamba kisheria hakuna la pili wala la tatu, yote ni sawa. Ni kweli, na ni vizuri walisikie kutoka kwenu wenyewe.

Urefu usikutishe. Zile herufi zinazosomwa na mashine chini ya ukurasa wa pasipoti zina nafasi 39 za majina yote pamoja na ukoo. Amina Hatice Mwanahamisi ni 24 pamoja na nafasi za katikati, na alama mbili hutenga ukoo, hivyo ukoo ukiwa na herufi zisizozidi 13 kila kitu kinaingia bila kukatwa. Ukiwa mrefu zaidi ya hapo, yatafupishwa kwenye mstari huo tu, cheti hakitaguswa. Kitu cha kuzingatia ni tiketi za ndege: kateni kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, yasije yakazua mjadala uwanjani na mtoto amelala begani.

Jambo la ukoo ulitaje na mume wako kabla ya kujifungua, kwa sababu hapo ndipo watu wa kwetu wengi hukwama. Jina lako la tatu ni la babu yako, lakini Ujerumani imelichukua kuwa jina la ukoo, na tangu Mei 2025 sheria mpya inaruhusu mtoto kubeba ukoo wa wazazi wote wawili. Kwa hiyo jina la babu yako wa Tanga linaweza kumfuata kitukuu wake huku, kitu ambacho zamani kisingewezekana kirahisi. Hata ukoo wa mume wako si wa zamani sana, Waturuki waliamriwa kuwa na majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934. Kabla ya hapo wengi walijulikana kwa majina ya baba zao, kama sisi.

Na usiharakishwe. Hospitali watakuuliza jina ukiwa hujapata hata uji. Sheria inataka kuzaliwa kwa mtoto kutaarifiwe ndani ya wiki moja, lakini jina lenyewe linaweza kukamilishwa ndani ya mwezi. Mtazame kwanza. Angalia ni siku gani. Akizaliwa Alhamisi, mdogo wangu, uyasahau yote niliyosema kuhusu mpangilio, kaa na mume wako mzungumze upya, maana bibi atakuwa amekuja mwenyewe.

Siku ya saba mtakapofanya akika, jambo hili lifanyeni pamoja. Desturi ya Waturuki na yetu hapo hazitofautiani: adhana sikio la kulia, ikama la kushoto, na kwao jina hutajwa mara tatu kwenye sikio la mtoto. Aliyembeba ayataje yote matatu, mama yako akisikiliza kwenye simu kutoka Tanga, na hapo mumtangazie rasmi kwamba mjukuu ni wajina wa mama yake. Lisemwe mbele ya watu. Jina la pili likiandikwa bila kutangazwa, mzee ataona limefichwa, na atakuwa na haki.

Kabla ya hapo, wiki hii, fanya jambo moja. Mwombe mama yako na mama mkwe, kila mmoja kwa wakati wake, wakutumie ujumbe wa sauti wakiyaita hayo majina manne: Amina, Malaika, Yasmin, Leila. Wasiyasome. Wayaite, kama mtu anavyomwita mtoto aliye uani na mvua imeanza kudondoka. Kisha zima taa, wewe na mume wako, muweke simu kati yenu, msikilize.